Kabla ya Kurekebisha Ncha ya Pua Seoul, Uliza Itashikiliwa na Nini

Mke wangu ni Mkorea, na alipoamua kurekebisha ncha ya pua yake nilifuatana naye katika kliniki kadhaa za Gangnam, wilaya ya Seoul ambako kliniki za upasuaji wa urembo zimepakana mlango kwa mlango kuanzia Sinsa hadi Apgujeong. Waswahili wenzangu tunaoishi huku, hasa wale waliooa au kuolewa na wenyeji, hupenda kuniuliza ni njia ipi iliyo bora. Jibu langu ni kwamba kabla ya kuchagua njia, daktari aeleze ncha hiyo itashikiliwa na nini.

Pua nyingi za watu wa Asia ya Mashariki, ingawa si zote, zina ngozi nene kwenye ncha, na chini yake magegedu mawili madogo yasiyo na nguvu (gegedu ni ile tishu ngumu kiasi inayopindika, kama ya sikio). Kiguzo kinachotenganisha matundu nacho huwa kifupi. Mbinu ya kukata sehemu ya gegedu ili ncha iwe nyembamba, iliyozoeleka kwa pua za Wazungu, hapa huweza kuleta kinyume chake, kwa sababu ngozi nene hubaki bila cha kuiegemeza na ncha huwa butu zaidi, mithili ya hema lililong'olewa mti wa kati. Ndiyo maana madaktari wengi wa Korea huichongoa ncha kwa kuiongezea mhimili, si kwa kuipunguza.

Njia nyepesi ni kushona, yaani kuvuta kwa nyuzi vilele vya magegedu mawili ili visogeleane. Mwenye ngozi isiyo nene sana huweza kuridhika nayo, lakini ngozi ikiwa nene nyuzi peke yake hazifui dafu. Hapo huongezwa gegedu: kipande husimamishwa kati ya matundu, au huunganishwa na ukuta wa kati wa pua ili kuurefusha kwenda mbele, kisha vipande vidogo huwekwa juu ya ncha. Kurefusha ukuta ndiko tulikokusikia karibu kila tulipoingia, kwa kuwa humwezesha daktari kupanga urefu na mwelekeo wa ncha. Mgonjwa aambiwe mapema, hata hivyo, kwamba ncha ya namna hiyo hukakamaa na haibonyei tena kwa kidole.

Gegedu lenyewe hutoka wapi? Ukuta wa kati ndio chanzo cha karibu, ila kwa Waasia wengi ni mdogo, na daktari hulazimika kubakiza ukanda wa angalau milimita 10 juu na mbele, la sivyo mgongo wa pua unaweza kudidimia. Gegedu la sikio ni laini na lina mviringo unaoifaa ncha, na kovu lake hujificha nyuma ya sikio. La ubavu ni imara na halina uhaba, lakini huweza kupinda baadaye, huacha kovu kifuani, na kulitoa kuna hatari ndogo ya kutoboa utando wa mapafu. Kwa maoni yangu, daktari anayekimbilia ubavu kwa pua ambayo haijawahi kupasuliwa anadaiwa maelezo ya kina. Mke wangu alichagua ukuta wa kati na sikio.

Kuhusu silikoni nina msimamo mkali zaidi. Vipandikizi vya zamani vyenye umbo la L vilisukuma ncha kutoka ndani, na baada ya miaka ngozi iliweza kuwa nyembamba, nyekundu, hata kutoboka. Leo madaktari wengi huiweka silikoni kwenye mgongo wa pua tu na kuiachia ncha gegedu la mwenyewe. Sindano za kujaza, yaani za kudunga kitu chini ya ngozi ili kuinyanyua pua, ambazo wengi huziona salama kwa kuwa hazina kisu, zikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua ngozi na hata kupofusha jicho.

Katika kliniki nyingi, anayekutajia bei ni msimamizi wa ushauri, ambaye si daktari; usimruhusu akuchagulie upasuaji. Tazama pia kibao cha nje: kliniki ya daktari asiye bingwa wa fani hii hutakiwa kuandika kwamba upasuaji wa urembo ni mojawapo ya huduma inazotoa, wakati bingwa huliweka jina la fani ndani ya jina la kliniki. Tangu Septemba 2023, sheria ya Korea inampa mgonjwa anayelazwa usingizi haki ya kuomba upasuaji wake urekodiwe kwa kamera. Iombeni, kwani kumekuwa na kesi za daktari mwingine kushika kisu wakati mgonjwa amelala.

Nyuzi za ngozi na kifunikio cha pua huondolewa baada ya wiki moja hivi, lakini uvimbe wa ncha yenye ngozi nene huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kuisha, hivyo haifai kudai marekebisho mwezi wa tatu. Wekundu unaozidi, joto au usaha ni jambo jingine: mgonjwa arudi kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizo yakiachwa, kovu la ndani huikunja pua na kuifupisha, na kuirefusha tena ni kazi ngumu kuliko ule upasuaji wa kwanza.