Maswali ya Wasomaji: Mzani wa Chai Unaoganda

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nimeandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Linux ya mzani wa kupimia majani mabichi ya chai. Chipu inayogeuza uzito kuwa namba ni HX711, kompyuta ni Raspberry Pi 4. Kishughulikiaji cha intarapti (msimbo unaoikatiza kori, yaani kitengo cha kuchakata, kifaa kinapotoa ishara) kinasoma kipimo na kukiongeza kwenye jumla na idadi. Programu inasoma vyote viwili na kupata wastani. Baada ya saa moja, pengine kumi, mashine yote inaganda. Nikiongeza printk, amri ya kuandika ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), haigandi tena. Isitoshe, mara mojamoja nikibonyeza kitufe cha kuanza hesabu upya, gunia la kilo 12 linaonyesha 24, kisha 18, kisha 16, likishuka kuelekea 12. Nianzie wapi? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye umeme. Mota kubwa zikiwashwa volti hushuka, na Pi inayopata umeme hafifu huganda hata kama draiva haina kosa. Andika vcgencmd get_throttled, amri inayoonyesha kama Pi imekosa umeme. Ukipata 0x0, endelea. Ukipata 0x50000, volti imewahi kushuka tangu mashine iwake, kwa hiyo badilisha adapta kwanza.

Umeme ukiwa mzima, una hitilafu mbili tofauti. Tuanze na kuganda. Programu inaingia kwenye draiva na kushika kufuli (alama inayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja, wengine wakisubiri) kwa spin_lock ya kawaida. Kabla haijaliachia, waya wa DOUT, ambao chipu hutumia kusema kipimo kiko tayari, unashuka, intarapti inaingia kwenye kori ileile, na kishughulikiaji kinaomba kufuli lilelile. Aliyelishika hawezi kuendelea mpaka intarapti iishe, nayo haiishi mpaka kufuli liachiwe. Kori hiyo haitoki tena hapo, na nyingine tatu huifuata kadiri zinavyoisubiri iitikie. HX711 hutoa vipimo 10 kwa sekunde, au 80 ukiipangia hivyo, na kufuli hushikwa kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana inaweza kuchukua saa nyingi mpaka viwili hivyo vikutane. printk huchelewesha njia na kubadili mpangilio wa matukio, basi hitilafu inajificha. Ukitaka kufuatilia bila kuisumbua sana, tumia trace_printk, ambayo huandika kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM) tu.

Lakini usikae kuvizia. Jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING, mkaguzi wa matumizi ya makufuli. Uzuri wake ni kwamba haingoji mashine igande: inatosha ione kufuli moja likishikwa intarapti zikiwa wazi, kisha likishikwa tena ndani ya intarapti, nayo hutangaza “inconsistent lock state” na kuonyesha njia zote mbili. Soma tangazo la kwanza kabisa, kwa sababu baada ya hapo ukaguzi hujizima; draiva nyingine ikitangulia kulalamika, kosa lako halitaonekana. Mashine iliyoganda mara nyingi haiwahi kuandika chochote kwenye kadi, kwa hiyo unganisha waya wa siriali wa volti 3.3 (wa volti 5 utaua pini za Pi) na kukusanya ujumbe kwa kasi ya 115200 kwenye kompyuta nyingine.

Tiba: upande wa programu tumia spin_lock_irqsave na spin_unlock_irqrestore, ambazo huzima intarapti za kori hiyo wakati kufuli limeshikwa. Ndani ya kishughulikiaji, spin_lock ya kawaida inatosha.

Sasa zile namba zako, ambazo ni ushahidi safi kabisa. 24, 18, 16 ni 12 ikizidishwa kwa 2/1, 3/2, 4/3. Maana yake jumla ina kipimo kimoja zaidi ya idadi. Kitufe chako kinafuta jumla, intarapti inaingia na kuongeza 12, kisha kitufe kinafuta idadi. Sehemu hiyo hukuifunga. Weka hatua zote mbili za kufuta ndani ya kufuli lilelile, kwa irqsave. PROVE_LOCKING haiwezi kukuambia hili, kwa kuwa hukagua makufuli yaliyopo, si yaliyokosekana. Kazi hiyo ni ya KCSAN, mkaguzi wa data inayoguswa na wawili kwa pamoja bila kufuli, inayopatikana kwenye ARM ya biti 64 tangu Linux 5.17 ya mwaka 2022.

SWALI: Draiva ya kihisi cha joto kwenye tanuru la kukaushia mbao inafanya kazi, ila nikiitoa kwa rmmod, amri ya kuondoa moduli, kerneli inaanguka, si kila mara. – Msomaji, Mafinga

JIBU: Karibu hakika taima au kazi iliyo kwenye foleni inaamka baada ya kumbukumbu yake kuachiliwa. Zima chanzo kwanza: free_irq, kisha timer_delete_sync (kerneli za zamani huiita del_timer_sync), kisha cancel_work_sync, ndipo uachilie kumbukumbu. Taima na kazi zikiamshana, tumia timer_shutdown_sync, iliyopo tangu 6.2. Angalia pia kama ulitumia devm_request_irq: intarapti hiyo huondolewa baada ya remove (kazi ya draiva inayoitwa inapoondolewa) kumalizika, kwa hiyo ukiita kfree, ya kuachilia kumbukumbu, ndani ya remove umeiacha hai bila makao. Wala usiite cancel_work_sync ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo inalihitaji. Washa CONFIG_KASAN, mkaguzi wa matumizi mabaya ya kumbukumbu, kisha ingiza na kutoa moduli mara 1000 kwa kitanzi cha shell. Ripoti itakuonyesha nani aligusa kumbukumbu, nani aliiomba na nani aliiachilia.

SWALI: Nikiweka neno volatile la lugha ya C kwenye kigezo, bado nahitaji kufuli? – Msomaji, Uyole

JIBU: Ndiyo. volatile humzuia kompaila asiruke usomaji, lakini haizuii kori mbili kuongeza namba ileile kwa pamoja na moja ikapotea. Kwa kihesabu kimoja tumia atomic_t, namba ambayo kuiongeza ni hatua moja isiyokatizwa. Kwa vigezo viwili vinavyopaswa kwenda sambamba, kufuli.