Jicho lilizima dakika kumi, sasa shingo inapimwa ya nini? Nimepitia, nakujibu

Dada uliyeuliza jana kuhusu mzee wenu wa Mbale: jicho moja lilizima kama dakika kumi likarudi, daktari akaandika altrasaundi ya shingo, na kaka zako wanasema anatafuta pesa tu kwa kuwa mzee anaona vizuri. Mpelekeni. Leo, kama inawezekana. Mimi nilisubiri siku tisa na nusura zinigharimu ulimi.

Nauza spea za magari makubwa Malaba. Mwaka juzi, asubuhi, niko nahesabu beringi, jicho la kushoto likafunikwa kutoka juu kwenda chini, vilevile ninavyoshusha mlango wa chuma wa duka jioni. Maumivu hakuna. Nikafumba la kulia: giza tupu. Nikafumba la kushoto: nasoma hadi namba za beringi. Chai haijapoa, likafunguka. Kliniki ya jirani wakanipa dawa ya matone nikaenda zangu. Presha nilikuwa nayo, vidonge nilishaacha kwa kuwa najisikia mzima, na sigara ndiyo usiseme.

Siku ya tisa namwandikia dereva risiti, kalamu ikadondoka. Vidole vya kulia vilikataa kufunga. Nikataka kumwambia "subiri kidogo", ikatoka sauti ya mlevi, na dereva akacheka. Shemeji yangu akaanza habari za kutupiwa kitu. Robo saa hivi nikawa naongea tena, watu wakasema tushukuru Mungu, imepita. Mke wangu peke yake ndiye aliyekwenda barabarani kusimamisha gari.

Daktari niliyemkuta Tororo, kijana tu, alitaka kujua mambo mawili: jicho gani, mkono gani? Jicho la kushoto, mkono wa kulia. Nilidhani ni maradhi mawili. Akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Mshipa mkubwa wa kushoto, huo wanaouita karotidi, unapanda shingoni, na karibu na usawa wa koromeo unagawanyika: tawi moja la usoni, jingine la ubongoni. Hili la ubongoni hutoa kijitawi cha jicho la upande uleule. Ubongo wa kushoto nao ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Kwa hiyo jicho, mkono na ulimi vyote vilikuwa vinamshtaki mtu mmoja, aliyekaa pale penye panda.

Pale ndipo mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa miaka na miaka, kwa presha, sukari, sigara na kolesteroli. Utando ukichanika damu inaganda juu yake, kipande kinachomoka na kusafiri. Kikiwa kidogo kikayeyuka, umepata dakika kumi za giza. Kikikwama, hicho ndicho kiharusi.

Kipimo hakiumi. Jeli ya baridi, kifaa kinateleza shingoni, unasikia damu yako mwenyewe. Kulia kwangu ilikuwa fu, fu, fu. Kushoto ikapiga mluzi kama maji kwenye mpira uliokanyagwa: mshipa umebana zaidi ya asilimia 70. Wapime pande zote mbili za mzee.

Nilipasuliwa Nairobi, mshipa ukafunguliwa na uchafu ule ukatolewa. Daktari wa upasuaji alinipa hesabu ya utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 1991, kwa watu waliokuwa na dalili na mshipa uliobana asilimia 70 hadi 99: ndani ya miaka 2, waliotumia dawa tu, 26 katika kila 100 walipata kiharusi cha upande huo, waliopasuliwa, 9. Akaongeza kwamba dawa za siku hizi ni bora kuliko za wakati ule, na kwamba upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi, ndiyo maana si wa kila mtu. Uliobana chini ya nusu hawaugusi, na ulioziba kabisa kwa kawaida hawaufungui. Ila ukifaa, faida kubwa iko ndani ya wiki 2 tangu dalili. Mimi siku tisa nilikuwa nimeshazitumia kwa matone ya macho!

Leo nina mshono pembeni ya shingo, na nikinyoa chini ya sikio sisikii wembe. Aspirini, atovastatini ya kolesteroli na vidonge vya presha ni kila siku. Sigara niliiacha wodini.

Kaka zako wakibisha, waambie pia kwamba si kila kiharusi hutoka shingoni. Presha hupasua mishipa ndani ya kichwa, na moyo unaodunda ovyo hurusha madonge. Kwa hiyo msimpe mzee aspirini kwa kubahatisha, maana inazuia damu kuganda. Akipooza ghafla au uso ukaenda upande, ni hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, na mkumbuke saa ilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na asiwepo mtu wa kumkanda shingo.

Majibu yakitoka niandikie hapa: upande gani, asilimia ngapi. Na hukusema ni jicho gani lililozima.