Shangazi, mchumba wangu anataka nichome bundi wangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi Umoja hapa Nairobi. Tangu darasa la saba nakusanya vitu vidogo vya hadithi za Harry Potter: beji, vikombe, sarafu na bundi mweupe wa plastiki. Juzi mamake mchumba wangu alinitembelea, akamwona bundi juu ya televisheni, akaondoka bila kumaliza chai. Sasa mchumba anataka nichome vyote kabla ya harusi. Pia amegundua nilitoa shilingi 6,500 katika akiba yetu ya harusi nikanunua fimbo ya kichawi. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Usichome kitu. Na umri usikutie aibu. Kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997. Waliokisoma wakiwa watoto sasa wanawasomea watoto wao.

Lakini mama huyo usimcheke. Katika hadithi yako bundi ni tarishi wa barua, na huyo mweupe, Hedwig, ndiye mwenzake Harry, kijana yatima mchawi. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hawalali, wanangoja habari ya msiba. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimfukuza kwa kijinga cha moto. Mama mkwe wako hakuona mwanasesere. Aliona mauti yamekaa sebuleni kwa msichana atakayeolewa na mwanawe. Mwendee, usiende mikono mitupu, umsimulie hadithi yenyewe taratibu, kama unavyomsimulia mtu unayempenda. Bundi mhamishie chumbani. Mgeni mzee huheshimiwa hata kwa kile anachokiogopa.

Sasa fimbo. Hapo umekosa, mwanangu, na nadhani ndipo hasira ya mchumba ilipo. Zile pesa zilikuwa za watu wawili. Kama uliweza kuzitoa kimyakimya kabla ya ndoa, yeye anajiuliza kodi ya nyumba itakuwaje. Rudisha 6,500 zote kutoka mshahara wako, hata kwa awamu mbili, na umwonyeshe ujumbe wa M-Pesa kila unapotuma. Najua unakumbuka kichwani kwamba, katika sarafu za wachawi wa hadithi yako, Galleon moja ni Sickle 17, na Sickle moja ni Knut 29. Basi na shilingi zenu zihesabu kwa makini hayo hayo: kaeni chini, mkubaliane kila mmoja atakuwa na kiasi gani cha mwezi cha kutumia bila kuulizwa. Ukitaka beji, itoke hapo.

Ukishalipa, muulize kwa upole: kinachokuuma ni bundi, ni pesa, au ni imani yako? Akisema imani, nendeni pamoja kwa mchungaji mnayemwamini nyote. Lakini pesa zikiwa zimerudi, mama ametulia, naye bado anashika kiberiti, niandikie tena kabla hamjachapisha kadi.