Radi imemulika, picha ni giza

SWALI: Nataka kunasa radi za jioni juu ya Ziwa Kivu. Nina Canon 1300D, na nimeunda kihisi kwa LDR (resista inayohisi mwanga), Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Radi ikimulika kamera inalia, lakini picha ni giza tupu. Tena pikipiki ikipita na taa, inapiga bure. Tatizo liko wapi? – Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Anzia kwenye kamera. Fokasi ya otomatiki hupapasa gizani, na radi nzima huisha kabla ya sekunde kutimia. Lenzi iwe MF (fokasi ya mkono), ukiilenga taa ya mbali. Kwenye jeki ya rimoti ya milimita 2.5, ncha ni shata (ndiyo hupiga picha), pete ya katikati ni fokasi, shina ni hasi. Unga pete na shina kwa swichi, uiache imewashwa unaposubiri. Kamera itakaa tayari. Betri italiwa, vumilia. Radi nyingi zinazofika ardhini hurudia njia ileile mara kadhaa, kwa hiyo hata ukichelewa kidogo utapata pigo la pili au la tatu.

LDR itoe, huitikia mwanga polepole. Weka fototransista (transista inayohisi mwanga): kolekta kwenye volti 5, emita kwenye A0 (pini ya Arduino inayosoma volti), resista ya 10K (omu 10,000) kutoka A0 hadi hasi. Bado kuna mwanga wa jioni na namba inayosomwa A0 imeganda karibu na 1023, kikomo chake? Shusha resista hadi 1K.

Badala ya rilei tumia PC817 (optokapla, swichi ndogo inayowashwa kwa mwanga), imo kwenye chaja nyingi mbovu. Usiguse ndani ya chaja kabla kondensa kubwa haijaisha chaji. Pini 9 ya Arduino ipitie resista ya omu 330 hadi mguu 1 wa PC817. Mguu 2 hasi ya Arduino. Mguu 4 ncha ya jeki. Mguu 3 shina. Ukibadilisha 3 na 4, kamera haitapiga.

Taa ya pikipiki hupanda taratibu, radi huruka. Basi usiweke kiwango kimoja cha kudumu: kwenye programu, linganisha namba ya A0 na ile ya milisekunde 2 nyuma, ikizidi kwa 20, washa pini 9 kwa milisekunde 200. Balbu za umeme wa 50 Hz nazo humeta mara 100 kwa sekunde, na fototransista inaziona. Fototransista ivike mrija wa karatasi nyeusi wa sentimita 5, uelekee ziwani.

Usiku mzito kihisi hakihitajiki: weka tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, shata wazi sekunde 20, picha mfululizo. Na ngurumo ikisikika, piga ukiwa ndani ya nyumba. Radi inaweza kukufikia.