Dawa iliyokwisha nayo iulizwe

Mgonjwa ninayemweleza hapa alifikishwa kwetu kwa bajaji, adhuhuri ya siku moja ya mwezi wa Shawwal, mkono wake wa kulia ukining'inia na mdomo umepinda kidogo. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 65, fundi baiskeli wa pande za Ngamiani, mwenye kisukari cha siku nyingi. Mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Mimi ndiye niliyekuwa zamu katika wodi ya wanaume, katika hospitali moja hapa Tanga, na nakiri kwamba kabla hata sijamgusa nilikwisha kuandika neno "kiharusi" juu ya karatasi yake. Muuguzi aliyekuwa pembeni hakubishana nami. Alimchoma mzee kidole, akaniwekea kipima sukari mbele ya macho: 1.6.

Kwa mtu mwenye kisukari, chini ya milimoli 3.9 kwa lita tayari ni sukari iliyoshuka, na ikiporomoka hadi kiasi kile ubongo hukosa chakula, hata mtu akapooza upande mmoja mithili ya aliyepatwa na kiharusi. Tulimpa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa, na haikupita muda ule mkono uliokuwa ukining'inia ukaanza kupapasa kitandani kutafuta kofia. Tangu siku ile siandiki kiharusi pasipo kipimo cha sukari kando yake, na wenzangu wanaoanza kazi nawashikilia hapo bila huruma.

Kuzinduka kwake kulitufurahisha mno, na hapo ndipo tulipokaribia kukosea mara ya pili. Mzee alikuwa amefunga Sita, zile saumu sita za Shawwal baada ya Ramadhani, na daku alikuwa amemeza vidonge viwili vya glibenklamaidi, ilhali kwa aliyefunga dozi kubwa huhamishiwa futari. Maelezo yalionekana yametimia: dawa ya sukari, tumbo tupu, jua la Tanga. Mwenzangu mmoja alishauri apewe uji, aambiwe asifunge tena, aende zake. Bahati nilimlaza, kwa sababu glibenklamaidi huendelea kufanya kazi hata saa 24, na kwa mzee mwenye figo dhaifu huzidi hapo. Saa tisa usiku, dripu ikiwa bado inatiririka, sukari ilishuka tena hadi 2.4. Aliyezinduka kwa glukosi baada ya kumeza dawa ya aina hii hajapona. Amepewa muda tu, na muda huo lazima aupitishe mahali penye mtu wa kumpima.

Asubuhi, mkewe aliniuliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu. "Daktari mwanangu," alisema, "huyu Ramadhani nzima kafunga, hata kizunguzungu hakukipata. Leo Sita ndiyo imwangushe?" Sikuwa na jibu, nikamwomba aniletee kila dawa iliyomo nyumbani, nzima na mabaki yake. Akaja na kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya shuka. Palikuwa na glibenklamaidi katika vibahasha vya plastiki, kaptoprili ya shinikizo la damu, diklofenaki ambayo mzee alijinunulia duka la dawa kwa ajili ya mgongo, na chini kabisa pakiti tupu za vidonge vya rangi ya matofali. "Hizo si dawa tena," alisema, akazikusanya azitupe. "Za kifua kikuu. Kazimaliza siku mbili tatu kabla ya Idi, hata mkojo wake umerudi rangi yake."

Mkojo huo wa rangi ya chungwa la Muheza ni alama ya rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, nayo hulichochea ini litengeneze vimeng'enya kwa wingi, ambavyo huzivunja dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Mzee alianza matibabu ya kifua kikuu ya miezi 6 akiwa anameza kidonge kimoja cha glibenklamaidi cha miligramu 5 kwa siku. Sukari ikapanda, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na kwa sababu ini lilikuwa likiimaliza dawa yake, kwa hiyo kliniki ya kisukari ikamwongezea hadi vidonge vitatu, na haikukosea. Kisha rifampisini ikaisha. Vimeng'enya hurudi katika hali yake kwa muda wa kama wiki mbili, na vidonge vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi ya kimoja au viwili vikaanza kufanya kazi ya vitatu, huku diklofenaki ikizielemea figo. Kliniki ya kifua kikuu ilimpongeza kwa kumaliza dozi na ya kisukari ilikuwa imempa tarehe ya mbali. Vyumba viwili vya ukumbi mmoja, kadi mbili zisizokutana.

Sisi tunaolaza wagonjwa tumezoea kuuliza, "Unatumia dawa gani?" Swali hilo mzee alilijibu kwa ukweli mtupu, na halikutusaidia kitu. Siku hizi naongeza jingine: "Katika miezi hii miwili, kuna dawa uliyoimaliza, uliyoiacha au uliyobadilishiwa?" Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aliyeongezewa dozi wakati wa rifampisini anaweza kuvuja damu wiki chache baada ya kupona kifua kikuu. Mvutaji sigara anayepewa aminofilini, dawa ya pumu, akiacha kuvuta, jambo jema kabisa, dawa humjaa mwilini, kwa kuwa moshi nao ulikuwa ukilichochea ini. Dawa ya virusi vya UKIMWI ya dolutegraviri, inayomezwa mara mbili kwa siku wakati wa rifampisini, huendelezwa hivyo wiki mbili zaidi baada ya rifampisini kwisha. Waliopanga utaratibu huo walilikumbuka ini, na sioni kwa nini dawa za sukari zisipangiwe tarehe ya namna hiyo.

Kwako unayetumia dawa za muda mrefu: ukimaliza matibabu ya kifua kikuu, usisubiri tarehe ya kadi, rudi kliniki yako nyingine ndani ya wiki mbili, wala usijipunguzie dozi mwenyewe. Pakiti tupu usizitupe kabla daktari hajaziona. Na vibahasha vya dawa visomeni pamoja na mtoaji, maana nimekutana na mama aliyeandikiwa "kila saa 8" akawa anameza kidonge kimoja tu kwa siku, saa nane mchana, kwa uaminifu mkubwa.

Mzee tulimlaza siku tatu. Glibenklamaidi tuliiondoa, kwa kuwa hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haiwafai waliopita miaka 60, tukampa gliklazaidi, dawa nyingine ya sukari, kwa dozi ndogo na kumkataza diklofenaki. Kwenye kadi yake ya kisukari niliandika kwa wino mwekundu tarehe rifampisini ilipokwisha. Aliporudi baada ya wiki tatu sukari ilikuwa 7.8, na mkewe alikuwa nyuma yake na lile kopo, akaanza kulifungua kabla sijamkaribisha kiti.