Kutoka magamba ya Ujiji hadi almasi: jibu kwa dogo anayetaka kusoma jiokemia (kemia ya miamba na dunia)

Dogo wa Tabora ameuliza: kamaliza kidato cha nne, anapenda kemia, na kasikia kuna wataalamu ambao leo wanapima magamba ya konokono, kesho almasi, keshokutwa mawe ya kilindini. Ni kazi kweli au kutangatanga? Mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie urefu.

Mimi mtoto wa Ujiji, nilianza na magamba. Gamba hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubaki na alama ya maji ya wakati ule. Atomu za oksijeni zipo nyepesi, zenye uzito wa 16, na nzito, za 18. Jua likikausha ziwa, nyepesi hutangulia kuwa mvuke, nzito huongezeka majini. Uwiano wa hizo mbili hufuata pia joto la maji, na kulisoma joto la kale kwenye gamba ni wazo la Harold Urey, Mmarekani aliyechapisha hesabu zake 1947. Kazi yenyewe sasa: unakwangua unga kwa keekee nyembamba ukifuata mistari ya ukuaji, unautia asidi ya fosforasi, inatoka kaboni dayoksaidi, hiyo ndiyo inaingia kwenye mashine inayotenganisha atomu kwa uzito. Ukipiga chafya kabla ya hapo, sampuli imekwenda.

Kuhamia almasi hakukuwa kuacha fani. Mashine ni za ukoo mmoja, na swali halikubadilika: atomu hizi zimetoka wapi? Almasi nyingi zina uwiano wa kaboni nzito, 13, na nyepesi, 12, ulio sawa na wa mantili, yaani tabaka nene la miamba chini ya ganda la dunia. Nyingine zina kaboni nyepesi mno, inayofanana na ya mabaki ya viumbe, na wengi tunaisoma kama kaboni ya sakafu ya bahari ya kale iliyozama chini ya bara. Sonara anataka jiwe safi, sisi tunataka lenye uchafu. Kipunje cha ganeti, madini ya kilindini, kilichonaswa ndani ya almasi kimefungiwa humo tangu kilometa 150 au zaidi kwenda chini. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, karati 54.5, iliyopatikana 1947 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth, ni nzuri, ila mimi ningechagua kibovu kilichojaa madoa.

Mantili yenyewe huhitaji kwenda ng'ambo kuiona, dogo. Iko mkoani kwenu. Kaskazini kidogo mwa reli ya Kigoma, pande za Urambo, kuna vilima vya Igwisi. Ukivitazama utavipuuza, vifupi tu. Ila ni volkano ya kimberlaiti, jamii ileile ya miamba inayopandisha almasi, na ililipuka takribani miaka 12,000 iliyopita, wakati kimberlaiti nyingi duniani zina mamilioni ya miaka. Vunja kipande cha lava uone punje za madini ya olivini, kijani kama choroko, zimeviringika kingo. Hizo hazikuzaliwa kwenye lava. Zilibebwa kutoka kwenye mantili, zikasuguana njiani.

Tahasusi ya kidato cha tano: chukua PCM (fizikia, kemia, hesabu). Kwa CBG (kemia, baiolojia, jiografia) unaweza kupenya, lakini mashine zetu ni fizikia tupu, na hesabu hutazikwepa chuoni. Na wanaouliza kama tunatajirika: almasi zinazoletwa maabara kupimwa huandikwa kwenye rejista moja moja, zikishapimwa zinarudi kwa mwenyewe.