Jibu: Udhamini wa serikali kwa wenyeji wa asili ni sheria, si ahadi tupu

Ndugu, umeuliza kama kule Kanada serikali ikisema ni "mdhamini" wa wenyeji wa asili, yaani mshika mali kwa niaba yao, mahakama inaweza kuibana, au ni siasa tu. Inaweza. Soma kesi ya Guerin, ya Wamusqueam dhidi ya serikali, iliyoamuliwa mwaka 1984.

Wamusqueam, jamii ya wenyeji wa asili wa Vancouver, walikuwa na ardhi ya thamani, ila sheria iliwakataza kumpangisha mtu moja kwa moja. Lazima waikabidhi kwanza serikalini. Mwaka 1957 wakakabidhi ekari 162 ipangishwe klabu ya gofu, kwa masharti waliyoelezwa kikaoni. Mwaka 1958 ofisa wa serikali akasaini mkataba wa miaka 75 wenye masharti mengine: nyongeza ya kodi ya pango katika kipindi cha pili cha miaka 15 isizidi asilimia 15. Nakala ya mkataba hawakupewa mpaka 1970. Miaka kumi na miwili wenye ardhi hawajui kilichoandikwa juu ya ardhi yao! Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada ikasema ukishika mali ya mwenzio na uamuzi uko mkononi mwako, huna ruhusa ya kubadili masharti bila kurudi kumuuliza. Serikali ikalipishwa dola milioni 10.

Umesema pia kwamba wenyeji kujitawala na serikali kuwa mdhamini wao ni vitu vinavyopingana. Mimi sioni hivyo. Wanisga'a, wenyeji wa asili wengine wa Kanada, wana serikali yao kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 2000, wanatunga sheria zao za ardhi, lakini serikali kuu bado inadaiwa kutimiza ilichosaini.